Kompyuta Isiyozimwa

Jumapili, 8 Juni

Msiba nyumbani. Kompyuta mpakato ya mke wangu imepoteza waifai. Si kwamba inasuasua, hapana. Haioni kitu. Simu zote ndani ya nyumba zinashika, yenyewe imekaa tu kama mgeni aliyenuna. Kile kikadi cha waifai kilichomo tumboni mwake kimekufa, na kimechagua wiki ya kufa kwa roho mbaya kabisa. Ijumaa mke wangu ana usaili!

Na usaili wenyewe si mchezo. Anafundisha chekechea kwenye shule ambayo mwenye shule humwita "binti" na kumpa ufagio watoto wakishaondoka. Sasa kuna shule kubwa inatafuta mwalimu mkuu wa watoto wadogo. Wanamsaili kwa kompyuta, wao huko, yeye huku. Simu wamekataa katakata, maana lazima afundishe somo la majaribio, wamwone yeye na picha zake kwa pamoja. Nafasi ya namna hii ameisubiri tangu kabla hatujaoana. Wiki hii anaimba akiosha vyombo. Huwa haimbi.

Mchana akaja shemeji, kaka yake, fundi wa kompyuta. Hakualikwa. Akafunua kila sufuria, akaonja, akasema nimpelekee kompyuta karakana kesho asubuhi. Ataagiza kadi ileile iliyotoka nayo kiwandani, Alhamisi iko tayari. Alisema hayo mbele ya mama mkwe, ambaye yuko kwetu akiuguza goti. Halafu akaniuliza kama ile pasi niliyoitengeneza bado inarusha cheche.

Damu ikanipanda. Nikatangaza mbele ya wote kwamba kadi nitaifunga mwenyewe na kesho jioni kompyuta itakuwa hewani. Shemeji akacheka kwa pua. Mama mkwe akasema Mungu anijalie. Mke wangu akarudi jikoni, na sikusikia tena wimbo.

Jumatatu, 9 Juni

Mambo ni moto! Dereva wetu wa dukani ana kompyuta aliyoikanyaga kwa gari lake mwenyewe akirudi nyuma. Skrini kwisha. Lakini kadi ya waifai ndani nzima kabisa! Nikamsifia gari lake mpaka akanipa bure. Nauza magodoro mimi, kusifia ndiyo kazi yangu.

Kadi ya kisasa hasa, mpya kuliko kompyuta yenyewe, kasi maradufu. Shemeji alitaka kurudisha ile ya kizamani. Mawazo ya karakana hayo.

Jioni nikaifungua kompyuta juu ya meza ya chakula. Mama mkwe akanishikia tochi. Ya zamani ikatoka, mpya ikaingia, viwaya viwili vya antena vikabana, tik, tik, utamu mtupu. Skrubu zikarudi zote isipokuwa mbili, ambazo nadhani kiwanda kiliweka za akiba.

Nikawasha. Skrini nyeusi. Maandishi meupe: kadi isiyoruhusiwa imeonekana, zima kompyuta, toa kadi hiyo. Basi. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini si na kompyuta ya mke wangu! Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikaisugua kadi kwa shati. Vilevile. Nikaiwasha nikiwa nimegeukia dirishani, kana kwamba siijali. Vilevile. Mama mkwe akauliza kwa heshima kama kazi ya tochi imekwisha.

Nikampigia shemeji, kwa hila. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana tatizo hili na hili. Akanieleza bila haraka kwamba kompyuta za aina hiyo zina kadi zinazozijua, zimeandikwa humohumo ndani. Ikikuta kadi ngeni, inagoma kabla hata haijaamka vizuri. Dawa yake ni kadi inayoijua, hakuna nyingine. Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki yangu.

"Mwambie huyo rafiki yako aache ubishi, shemeji," akasema. "Alete kompyuta ya dada yangu."

Nikakata simu. Mtandao mbovu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka na wazo! Kama kompyuta inazijua kadi zake, inazijuaje? Inasoma. Inasoma nini? Lebo! Ile kadi iliyokufa ina lebo nyeupe ya kiwanda. Nikaibandua kwa mvuke wa birika, nikaibandika juu ya kadi mpya, nikainyoosha kwa ukucha isiwe na hata kunyanzi. Imependeza. Mama yake mzazi asingeitambua.

Kompyuta ikaitambua.

Shemeji akapita, eti kumletea mama yake dawa ya kuchua goti. Akaiona kadi imevaa lebo ya mwenzake. Akaipiga picha, akaaga, akatoka huku mabega yanatikisika. Nilimsikia akicheka hadi mwisho wa barabara. Mtu mzima, hana haya.

Mke wangu akaniambia, kwa upole, nimpe tu kaka yake kazi hiyo. Upole wake huo naujua, ndio unaotangulia ukimya. Nikamwomba anipe leo tu. Akanipa.

Na nilikuwa na sababu! Dukani nilikuwa nimesoma kwenye simu maneno ya bwana mmoja, bingwa sijapata kuona. Anasema kompyuta hukagua kadi wakati wa kuwaka tu. Kwa hiyo unaiwasha bila kadi. Ikishawaka, unailaza usingizi kidogo. Ikiwa imelala, unaichomekea kadi yako taratibu, halafu unaiamsha. Ukaguzi umeshapita! Bwana huyo aliandika pia onyo refu kwa herufi kubwa, lakini mteja alikuwa ananiita, sikufika huko.

Nikajaribu. Ikagoma. Nikajaribu tena, ikazimika yenyewe. Nikajaribu tena nikiwa nimebana pumzi.

IMESHIKA! Waifai yote, mistari imejaa! Nikapiga kelele, mke wangu akaja mbio na mikono ya povu, akaona, akanikumbatia na povu lake. Tukacheza sebuleni, mama mkwe akapiga makofi. Nimeoa vizuri mimi, nasema ukweli.

Kuna tatizo dogo. Betri ya kompyuta hii ilikufa zamani, inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Ikizimika, itawaka upya, itakagua upya, itaikataa kadi. Kwa hiyo isizimwe hadi Ijumaa. Rahisi! Nikaiacha mezani tumbo wazi, nikaenda kuoga huku naimba mimi.

Niliporudi, skrini nyeusi. Sasa, mama mkwe ana tabia moja. Hawezi kuona swichi imewashwa na hakuna mtu karibu. Tangu aje, friji yetu imezimwa hadi maziwa yameanza kuzoea. Alikuwa amesimama karibu na soketi, amefurahi.

"Nimekuzimia, mwanangu," akasema. "Umeme unaliwa bure."

Nikasema asante, Mama. Utamwambia nini mama mkwe? Nilirudi bafuni, nikaongea na ukuta.

Jumatano, 11 Juni

Uamuzi umepita: kompyuta inahamia dukani. Kule kuna umeme, kuna waifai ya bosi, hakuna mama mkwe. Shemeji naye kasafiri leo alfajiri kufunga mitambo ya mteja hadi Jumamosi. Karakana kaifunga, funguo kaondoka nazo. Nasema amekimbia ushindani. Mke wangu anasema alisubiri hadi jana jioni nimpelekee kompyuta. Kila mtu na mtazamo wake.

Nikaibeba ndani ya foronya. Bosi alipotoka kula, nikaingia nayo nyuma ya rundo la magodoro, nikapiga magoti. Ikagoma. Ikazimika. Ikagoma. Wateja niliwahudumia kutoka huko chini, sauti tu, mmoja akaondoka akidhani duka lina jini. Halafu, ghafla, imeshika! Nikaruka kwa furaha, nikapiga kichwa kwenye kitanda cha maonyesho. Maumivu matamu.

Nikailaza juu ya godoro la maonyesho, nikaifunika shuka, nikashusha waya kwa nyuma hadi kwenye soketi. Swichi nikaibana kwa selotepu mtu asiizime. Nikajipongeza. Nikaketi.

Ndipo nikagundua. Haiwezi kurudi nyumbani. Ukichomoa tu, kwisha habari. Kompyuta ya mke wangu sasa ni mkazi wa duka la magodoro!

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba mashine ni nzima, ila inapumzika kazini. Hakuuliza zaidi. Ule ukimya ndio huo.

Alhamisi, 12 Juni

Bosi kaona waya unatoka godoroni. Akataka maelezo. Ulimi wangu huu! Nikasema ni godoro la kisasa, nalifanyia majaribio. Bosi anapenda neno "kisasa" kuliko anavyopenda kula. Akachukua boksi, akaandika kwa wino mwekundu GODORO LENYE WAIFAI, akalitundika mlangoni.

Kabla ya adhuhuri duka limefurika. Watu wanajilaza pembezoni, wanainua simu juu, wanatingisha vichwa, wanakubaliana kwamba kweli inashika vizuri. Itaachaje kushika, na mashine ya intaneti ya bosi iko ukutani juu ya vichwa vyao? Nilisimama kitandani katikati yao nikilinda shuka langu.

Akaja bwana mmoja mwenye tumbo la heshima. Akalipenda. Akalitaka lilelile, leo hii, wabebaji keshawaita. Nikafanya ambalo sijalifanya tangu niajiriwe: nikaliponda godoro letu. Nikamwambia linatia joto. Akasema mifupa yake inapenda joto. Nikamwambia linateleza. Akasema mkewe ndiye analala ukingoni. Wabebaji wakaanza kulishika pembe! Nikamnong'oneza kwamba mtu aliyelilalia alimwota mkwewe wiki nzima, kila siku, akimhesabia makosa. Bwana akarudi nyuma hatua. Akanunua jingine, la kawaida, lisilo na mkwe.

Jioni hapakuwa na pa kukwepea. Mke wangu alikuwa amelipiga pasi gauni la bluu, amelitundika mlangoni. Akanivutia kiti.

"Niambie ukweli," akasema. "Inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya kazi."

"Iko wapi?"

"Dukani. Kitandani. Haiwezi kuhama."

Nikamweleza yote, usingizi, waya, soketi. Nilipofika kwenye soketi mama mkwe akaanza kuichunguza kanga yake kama ndiyo kwanza anaiona. Mke wangu hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Kazi hiyo naiwaza nikiamka, naiwaza nikilala," akasema. "Nimechoka kuitwa binti na kupewa ufagio. Nikiikosa kwa sababu ya ubishi wako na kaka, sijui nitakuangaliaje."

Akalitoa gauni mlangoni, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko. Akasema basi, kesho tunaenda dukani.

Nilijiona mdogo kuliko zile skrubu mbili. Nilitamani ardhi ipasuke. Hali hiyo ilidumu hadi nilipoanza chakula. Ndipo nikakumbuka kwamba waifai ya dukani ni nzuri kuliko ya nyumbani. Kwa hiyo, ukiangalia vizuri, nimemsaidia.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika haraka!

Bosi alikubali kwa sharti moja: duka lisifungwe. Sawa. Mke wangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha maonyesho ndani ya gauni la bluu. Nyuma yake rundo la magodoro, nimelifunika shuka jeupe lionekane ukuta. Kompyuta juu ya stuli. Mama mkwe alikuja kumwombea mwanawe, nikamtafutia kiti kizuri, laini, mbali na ukuta. Mimi nikasimama mbele ya soketi kama mlinzi wa benki.

Wasaili watatu kwenye skrini, mabwana wawili na mama mmoja mwenye miwani, na ilionekana wazi kwamba mama ndiye mwenye kauli. Salamu, safi. Maswali, safi. Mke wangu anajibu kama anayesoma mbele yake. Wakamwomba somo la majaribio. Somo lake ni juu, chini, ndani, nje. Akafungua picha ya kwanza, paka juu ya meza.

Hapo akaingia mteja na binti yake mdogo. Bosi akaanza kunadi kwa kunong'ona, jambo ambalo hajalizoea, akasikika hadi ng'ambo ya barabara. Mtoto akamponyoka mama yake, akapanda kitandani nyuma ya mke wangu, akaanza kuruka. Kitanda kikayumba! Shuka jeupe likaanguka, wasaili wakaona magodoro hadi darini. Waya ukacheza kwenye soketi, nikaudaka kwa mikono miwili na kuukandamiza. Niliona kazi inaondoka, gauni la bluu linarudi kabatini, na mchawi ni mimi, hakuna mwingine.

Mke wangu hakushtuka. Paka akamwacha hukohuko mezani kwake. Akageuka kwa mtoto, sauti ya kawaida kabisa.

"Uko wapi sasa?"

"Juu," mtoto akasema, akiwa hewani.

"Na sasa?"

"Chini."

Baada ya hapo ikawa raha tupu! Mtoto akaingia ndani ya foronya, akatoka nje ya foronya. Akalala chini ya kitanda, akataja mwenyewe kabla ya kuulizwa. Mama yake akasahau godoro, akakaa sakafuni kutazama. Bosi naye akataka kujibu, akakosea, mtoto akamsahihisha. Yule mama mwenye miwani alikuwa amesogea hadi pua imejaza skrini, anacheka hadi anafuta macho. Mke wangu, jamani! Nimeishi naye miaka yote hii, sijawahi kumwona akifundisha. Nilijisikia fahari.

Wakasema wamefurahi sana, watamletea jibu. Wakaanza kuaga. Nikajua huu ndio wakati wangu. Nikaruka mbele ya kamera, nikawasalimu, nikaanza kuwaeleza kwamba yote waliyoyaona yamewezekana kwa kadi isiyoruhusiwa, iliyoingizwa kompyuta ikiwa usingizini, na kwamba kama shuleni kwao kuna kompyuta zinazogoma, wasisite kuniita...

Skrini nyeusi.

Nikageuka. Soketi nilikuwa nimeiacha bila mlinzi. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, goti zima kabisa, selotepu mkononi, kidole kwenye swichi.

"Si wameshaaga?" akasema. "Umeme wa watu huo."

Mke wangu akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama. Wakaanza kucheka, wakaangukiana kitandani, wakacheka hadi mteja akacheka na bosi akacheka bila kujua anacheka nini. Sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa sijafika hata kwenye sehemu ya lebo.

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji karudi. Njiani kapata kadi inayojulikana na kompyuta, kaifunga chai ikiwa bado ya moto. Ikawaka. Akaizima, akaiwasha, akaizima tena makusudi huku ananiangalia. Inakubali kila mara. Nyumba nzima ikamshangilia! Kufunga kadi inayoruhusiwa kuna ujuzi gani? Hiyo ni kutii tu.

Akaniuliza skrubu mbili ziko wapi. Nikasema ni za akiba. Akaomba ile kadi yenye lebo akaitundike karakana, wateja wake wapate kufurahi. Nikakataa.

Dukani hali si nzuri. Bosi kauza kila godoro la aina ile, na walionunua wameanza kurudi kuuliza nenosiri.

Jumatano, 25 Juni

KAPATA! Simu ilikuja Jumatatu asubuhi. Mke wangu alisikiliza, akasema ndiyo, akasema asante, akaweka simu chini, akakaa sakafuni na kulia. Akaniashiria nikae naye. Nikakaa, nikalia kuliko yeye. Mama mkwe akatulilia sote wawili akiwa kwenye kiti. Yule mama mwenye miwani alisema hawajawahi kumwona mwalimu aliyegeuza vurugu kuwa somo namna ile. Aliuliza pia yule bwana aliyechomoza mwishoni ni nani. Mke wangu akamwambia ni mteja.

Nimekaa nikatafakari kwa dhati. Bila kadi yangu, usaili usingefanyika dukani. Bila duka, yule mtoto asingekuwepo. Bila mtoto, mke wangu angefundisha paka aliyeko kwenye picha, na kazi ingekwenda kwa mwingine. Kwa maana nyingine, shemeji angetengeneza kompyuta, angeharibu maisha yetu. Nikamweleza mke wangu hayo yote kwa utaratibu. Akaitazama dari, akaniuliza kama nimemaliza.

Shule imeshamletea kompyuta ya kazi, mpya kabisa, nembo yao juu ya kifuniko. Akanishika mikono yote miwili.

"Hii usiiguse, mume wangu," akasema. "Nakupenda, na usiiguse."

Nikaapa. Na nilimaanisha kabisa, kutoka moyoni.

Lakini mchana huu, yeye akiwa ameenda kuaga shule yake ya zamani, nimeiwasha kidogo, kuiona tu. Inachelewa kuwaka. Si sana, mtu wa kawaida hawezi kugundua. Mwalimu mkuu hawezi kuwa na kompyuta inayochelewa, ni aibu ya nyumba nzima hiyo. Bisibisi zangu zote mke wangu kazipeleka kwa kaka yake zikatunzwe. Si neno! Nimejaribu kisu cha kupakia siagi, kinaingia kwenye skrubu kama kimezaliwa nayo. Ya kwanza imeshatoka.